Sauna ya Mwenyekiti Haiwashwi

Jumatatu, 20 Aprili

Asubuhi nyuzi mbili, mvua iliyochanganyika na theluji, upepo wa baharini. Viatu vya mpira.

Muswada wa misitu umefika kamatini kwetu, bungeni. Kurasa thelathini na nane. Nimezisoma zote kwenye treni ya kuja Helsinki, penseli mkononi, na nilipofika kifungu cha kumi na mbili nikasimama — nikasimama kweli, abiria wa pembeni akadhani nashuka.

Kifungu cha 12: kinyesi si ushahidi tena. Ili mti wenye kindi wa kuruka usikatwe, mnyama mwenyewe lazima “aonekane kwa macho na mtu mzima anayeaminika”.

Aonekane! Mnyama wa ukubwa wa ngumi, rangi ya gome, anayetoka giza likiingia, na akihama mti anatanua ngozi ya mbavuni na kupeperuka kama leso iliyodondoshwa dirishani. Namtafuta kila majira ya kuchipua tangu mwaka 1991. Nimemwona mara sifuri. Lakini mavi yake nimeyaona mara elfu! Punje za njano, kama mchele uliopikwa na bizari, chini ya haapa, ule mti wa majani yanayotetemeka. Hiyo ndiyo sahihi yake. Ukizikuta, mti hauguswi. Ndivyo sheria isemavyo mpaka leo, na ndiyo maana haapa kumi na moja za Kotalampi, nyuma ya kituo changu cha zamani cha basi la maktaba, bado zimesimama.

Helvi, dada yangu, kapiga simu saa moja jioni. Mashine ya kukatia miti imeshaegeshwa mwisho wa barabara ya Kotalampi. Dereva analala humo humo, anakula soseji, anasubiri sheria mpya. Helvi kampelekea kahawa. Nimemuuliza yeye yuko upande gani. Kasema dereva hana kosa, na kahawa ni kahawa.

Hesabu ya kamati: tuko kumi na saba. Wanane wanakitaka kifungu, wanane hawakitaki. Nimebaki mimi. Chama changu kinakitaka. Kikipita kamatini, ukumbini kitapita tu.

Kulala: saa nne na nusu.

Jumatano, 22 Aprili

Nyuzi nne, mawingu, upepo umetulia.

Pasi Törhönen kanikamata kwenye lifti. Yeye ndiye mnadhimu wa chama, kazi yake kuhakikisha sote tunapiga kura upande mmoja, na lifti ndiyo ofisi yake. Hakuna pa kukimbilia.

“Tellervo, dada yangu, nasikia una wasiwasi na kifungu cha kumi na mbili.”

Nikasema sina wasiwasi. Nakipinga.

“Ukikipinga unapinga chama.”

“Napinga kifungu.”

“Kwa ajili ya mavi!”

“Kwa ajili ya mwenye mavi.”

Mlango ukafunguka ghorofa ya nne. Wanafunzi ishirini na wawili na mwalimu wao, wamekuja kuona demokrasia. Wamesikia yote.

Kufikia chakula cha mchana jina langu jipya lilikuwa limeshafika jikoni. Mpishi kaniuliza Mama Mavi atakula samaki au viazi vitupu. Nimekula samaki. Miaka ishirini na sita niliendesha basi la maktaba. Nimeitwa mabaya zaidi na watu waliochelewesha vitabu.

Kulala: saa nne na dakika arobaini.

Alhamisi, 23 Aprili

Nyuzi tatu. Ukungu mpaka saa nne, kisha jua la kuazima.

Supu ya njegere, kama kila Alhamisi. Pasi kalichungulia bakuli lake muda mrefu, kisha kanitazama. Watu meza nzima wamecheka. Nami nimecheka kidogo, kwa adabu.

Vielelezo vyangu viko kwenye jokofu la ghorofa yetu: viberiti kumi na vinne vilivyojaa punje, kila kimoja na tarehe, mti na hali ya hewa. Nilibandika karatasi: USHAHIDI. SI CHAKULA. Jioni nimekuta mtu kaandika chini yake: Tumeonja. Ni kweli.

Baada ya supu nimeandika maswali ya kuuliza kamatini. Kwa kalamu ya wino, na tarehe juu. Yako kumi na moja. La saba ndilo ninalolipenda: “Nani kati yetu humu amewahi kumwona mnyama huyu kwa macho yake?” Mbunge akiomba duru, kila mjumbe lazima ajibu kwa zamu na jibu liingie kwenye kumbukumbu. Watasema hapana, hapana, hapana, mara kumi na saba. Ndipo nitakapouliza la nane: ikiwa watu wazima kumi na saba wanaoaminika hawajamwona maisha yao yote, atamwona nani, dereva wa mashine?

Nimefurahi nalo. Nimelisoma kwa sauti. Mtu wa chumba cha pili kagonga ukuta.

Raimo Pöyhtäri, mwenyekiti wa kamati, katualika wajumbe wa chama kwenye nyumba yake ya ziwani Jumamosi. “Sauna, soseji na maelewano.” Ninajua maelewano ni mimi.

Kulala: saa nne kamili.

Jumamosi, 25 Aprili

Nyuzi sita na jua! Barafu ya ziwa imebaki ukingoni tu.

Tumefika saa nane mchana, wabunge watano ndani ya basi dogo, wanaume wanne na mimi. Raimo ndiye aliyekiandika kifungu cha kumi na mbili kwa mkono wake. Mtu mwema, mkubwa, anaongea kama anapakua magogo. Sauna yake ina sifa bunge zima. Aliijenga mwenyewe, gogo kwa gogo, na mwaka jana alitusimulia habari za mawe ya jiko lake kwa dakika hamsini. Nilipima.

Na leo haiwashwi!

Uani, hatua kumi kutoka sauna hiyo nzuri, palikuwa na sauna ya kukodi — kile kibanda cha magurudumu mawili ambacho watu hukivuta kwa gari kwenda nacho harusini. Ubavuni kimeandikwa JASHO LA FURAHA.

“Dohani ina ufa,” Raimo akasema, akitazama ziwa.

Kosa kubwa. Huwezi kuwaambia wanaume wetu kwamba dohani ina ufa ukategemea waende kula soseji. Walijipanga uani, mikono kiunoni, vichwa juu. Mmoja akasema ni baridi ya Januari. Mwingine akasema ni chokaa mbaya, siku hizi chokaa yote mbaya. Wa tatu akauliza ufa umelala au umesimama, maana dawa zake ni tofauti. Pasi akasema marehemu baba yake alikuwa fundi wa dohani, akachukua ngazi.

“Shuka!” Raimo akapiga kelele.

“Nachungulia tu, mzee.”

“Shuka, Pasi! Paa limeoza!”

“Si uliliezeka mwaka juzi?”

“Limeoza haraka!”

Pasi akashuka. Raimo alikuwa ametoka jasho kabla ya sauna. Mimi nilikuwa nimeshaanza kwenda nyuma, maana kuna haapa kubwa pale, na nikiona haapa miguu inakwenda yenyewe. Raimo akanishika kiwiko. Huko kuna matope. Nikasema nimevaa viatu vya mpira. Akasema ni matope mabaya.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya wanawake: mimi na Annukka, mkewe. Ndani ya JASHO LA FURAHA tulikaa magoti kwa magoti. Annukka akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukapanda, akavuta pumzi, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

“Dohani haina ufa hata wa kupitisha uzi,” akasema.

Nikafuta jasho usoni.

“Tangu Februari hajawasha. Kuna kisanduku cha ndege alichokipigilia chini ya paa, karibu na dohani. Kahamia mama mmoja. Kindi wa kuruka, mwenzangu! Eti akiwasha moshi utamsumbua, na ana mimba. Kila Ijumaa jioni mume wangu anakaa nje kwenye kiti, na mablanketi mawili, anamngoja atoke. Kamwona mara kumi na tisa. Anaweka alama ukutani kwa penseli. Anamwita Mheshimiwa.”

“Na kifungu cha kumi na mbili?”

“Nilimuuliza. Akasema ile ni siasa, hii ni sauna.”

Akamwaga maji tena. Kisha akanitazama, hacheki tena.

“Nimesema saunani, Tellervo.”

“Nimesikia saunani, Annukka.”

Basi. Cha saunani hakitoki saunani. Ninabeba siri za sauna tangu mwaka 1974, ikiwemo moja ya mchungaji wetu na gari la zimamoto, na hakuna iliyowahi kunidondoka.

Lakini hii ni nzito! Soseji sikuisikia ladha. Raimo kanijia na haradali, kasema, “Tellervo, tuelewane.” Nikasema tutaelewana. Akasema, “Ni punje tu zile, mama.” Nikatazama sauna yake. Akatazama ninapotazama. Akaenda kuongeza kuni kwenye moto ambao haukuhitaji kuni.

Kulala: saa sita na dakika tano, mikono bado inanuka moshi wa sauna ya watu wa harusi.

Jumapili, 26 Aprili

Nyuzi tatu, ukungu. Kahawa vikombe vinne.

Nimegawa karatasi sehemu mbili. Kushoto: ninachokijua mwenyewe. Kulia: ninachokijua kwa sauna. Kushoto: sauna haiwashwi, paa linaoza haraka, matope ni mabaya. Kulia: kila kitu.

Ningefika kwenye ile haapa, ningeona punje kwa macho yangu, zingekuwa zangu. Je, nirudi leo kwa basi, nijifanye nimesahau skafu? Lakini nitakwenda kwa sababu ya sauna. Ningekwenda hata bila sauna? Ndiyo. Ningepanda mabasi mawili na kutembea kilomita sita bila sauna? ...Hapana. Siendi.

Swali la saba ndilo linaloniumiza. Nililitunga wakati naamini wote watasema hapana. Sasa Raimo akisema hapana, atakuwa kadanganya kamati nzima na mimi nitakaa pale kama jiwe. Akisema ndiyo, hoja yangu inavunjika: kumbe anaonekana!

Nimempigia Helvi. Nimemuuliza bila kutaja jina la mtu: swali lililoandikwa kabla ya sauna, likiulizwa baada ya sauna, ni safi?

“Limeandikwa kwa penseli au wino?”

Wino.

“Tarehe ipo?”

Ipo. Alhamisi.

“Basi ni safi. Huko saunani mmesema nini?”

Nikasema siwezi kusema.

“Vizuri. Nilikuwa nakupima.”

Dereva wa mashine, anaitwa Onni, sasa anakunywa kahawa ndani kwa Helvi. Kavua na viatu.

Kulala: saa tano na robo.

Jumanne, 28 Aprili

Nyuzi saba, jua kali. Siku mbaya sana kuwa ndani.

Kamati saa nne. Nimebeba viberiti vitatu mfukoni, kwa kujipa ujasiri tu. Maswali sita ya kwanza yamepita kama watu wanaopita dukani bila kununua. Kisha nikaomba duru kwa swali la saba.

Raimo akalisoma kimya. Akageuza karatasi akaangalia nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

“Hili limeandikwa lini?” akauliza.

“Alhamisi, Mheshimiwa Mwenyekiti. Tarehe iko juu.”

Kanitazama. Nimemtazama. Sina hakika anajua kwamba najua. Annukka hangesema kwamba amesema.

Duru ikaanza kushoto. Wa kwanza: hajaona. Wa pili: alimwona, lakini alikuwa popo. Wa tatu: kamwona shuleni, kakaushwa, jicho moja limedondoka. Wa nne: mjomba wake alimwona, lakini mjomba huyo aliona vingi. Pasi: “Nimeona mavi yake tu, kwa hisani ya Mama Mavi.” Kicheko. Mimi: “Miaka thelathini na mitano, sijaona.” Nadhani hawakutegemea. Hapana, hapana, hapana, mpaka kumi na sita.

Ikabaki zamu ya Mwenyekiti.

Raimo akafungua mdomo. Akaufunga. Akanywa maji. Akaifuta glasi kwa tai yake. Karani kalamu juu, anangoja. Nilitazama saa ya ukutani kwa sababu sikuweza kumtazama yeye: sekunde arobaini na moja. Mtu mkubwa vile, na masikio yalikuwa mekundu kama ametoka kwenye mvuke.

Nilikuwa na sentensi moja mdomoni. Moja tu! Ingemmaliza, na kifungu pamoja naye. Nimeishikilia kwa meno.

“Kahawa,” Raimo akasema.

Karani kaandika: Mwenyekiti alipendekeza kahawa. Tumekunywa. Tumekula mikate ya iliki. Saa sita tumetangaziwa kwamba mapumziko ya kahawa yataendelea mpaka Alhamisi saa tatu asubuhi, kisha duru itamaliziwa na kura itapigwa hapo hapo. Karani anasema hayajawahi kuwepo mapumziko marefu hivyo.

Kulala: saa tano.

Jumatano, 29 Aprili

Nyuzi tano asubuhi, mvua nyepesi, baadaye wazi. Watu wameshaanza kununua puto za Mei Mosi.

Pasi kanikamata tena kwenye lifti. Safari hii ana barua. Kikundi cha chama kimekaa: nikipiga kura dhidi ya kifungu kesho, natoka kwenye kikundi, kabla ya chakula cha mchana. Narudisha ufunguo wa chumba cha mikutano na kuondoa kikombe changu kwenye rafu.

“Kikombe pia?” nikauliza.

“Kila kitu chenye jina, dada.” Hakunitazama. Alikuwa anaona aibu, na nilimpenda kidogo kwa hiyo aibu. “Ni mavi tu, Tellervo. Kweli utapoteza miaka yako ya kazi kwa mavi?”

Nikamuuliza marehemu baba yake, fundi wa dohani, aliwahi kuuona moshi unavyotengenezwa ndani, au alikuwa anajua kwa masizi? Akafikiri. Lifti ilifika. Tukapanda tena mpaka juu bila sababu.

“Kwa masizi,” akasema mwishowe. Kisha: “Barua bado ni ile ile.”

Nimekichukua kikombe mwenyewe saa tisa, kabla mtu hajakichukua. Nimekifunga ndani ya soksi ya sufu. TELLERVO, herufi za bluu, mpini una ufa — ufa wa kweli. Kwenye rafu pamebaki duara. Sikutegemea duara lingeniuma.

Raimo hajaonekana kutwa. Ofisini kwake wanasema kaenda ziwani “kuangalia dohani”.

Helvi kapiga saa kumi na mbili. Onni kaomba aonyeshwe hizo punje. Helvi kampeleka Kotalampi. Onni kachuchumaa, kazitazama, kasema, “Kumbe ndizo hizi? Nimezikanyaga miaka yote.” Kauliza kura ni saa ngapi. Helvi kamwambia saa tatu. Kasema hata akiruhusiwa, injini yake inachelewa sana kupata moto.

Nimeoga. Nimepiga pasi shati. Nimeandika kura yangu kwenye karatasi ndogo ili nisikosee kesho: HAPANA. Nikaandika chini yake tarehe.

Saa nne na dakika kumi na mbili simu imelia ujumbe. Raimo.

“Wako watatu.”

Halafu picha. Kidole gumba chake, kikubwa, na nyuma yake kitu cha kijivu kama soksi iliyokunjwa. Nimeigeuza juu chini. Nimevaa miwani. Kwenye soksi kulikuwa na pua! Au kifungo. Hapana, pua.

Miaka thelathini na mitano, na nimemwona nyuma ya gumba la Raimo Pöyhtäri. Nimepiga kelele. Jirani wa chini kapiga kelele pia.

Kaniandikia tena: “Macho bado yamefumba. Mama yao katoka kula. Nilipanda ngazi.”

Hii sasa hakuniambia saunani. Hii ni yangu. Nimekaa kitandani, nimefikiri, nimemjibu ipasavyo:

“Raimo, kuchungulia kiota ni kosa kisheria.”

Dakika nne baadaye:

“Kwa sheria ipi?”

“Iliyopo.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka kesho saa tatu. Itategemea.”

Nimechemsha maji ya chai nikasahau kuyamimina. Saa tano na nusu simu imelia tena:

“Nimeshuka. Nimeondoa ngazi. Tellervo, duru inaanzia kwangu au inaanza upya?”

Nimefungua kanuni za kamati, ukurasa wa kumi na tisa, kuhakikisha. Nimemjibu: inaanzia pale pale ilipokatikia. Kwako. Jibu linaingia kwenye kumbukumbu.

Hajajibu. Alama inaonyesha anaandika. Inaacha. Anaandika. Inaacha.

Nimekitoa kikombe ndani ya soksi, nimekiosha, nimekiweka kwenye mkoba wa kesho, juu ya viberiti. Nikakitoa. Nikakirudisha. Kitakaa humo.

Bado anaandika.

Kulala: saa saba kasoro dakika kumi, simu chini ya mto.